Kibarua ni barua ndogo

Kazi ya kwanza tuliyopewa chuoni ilikuwa nyepesi hata tukacheka. Mwalimu alitwambia kila mmoja amtafute mtu wa kwao anayefanya kazi, amuulize: mwajiri wako ni nani? Jibu liletwe Jumatatu, sentensi moja tu.

Nilikuwa na miaka 31, nimekaa darasani na vijana waliotoka skuli juzi, nasomea uhusiano kazini, yaani mambo baina ya wafanyakazi, waajiri na serikali. Watu wa kwetu walidhani nasomea namna ya kupatana na wenzangu ofisini. Shangazi yangu anaamini hivyo mpaka leo, na kila akigombana na jirani ananipigia simu nije nimsuluhishe.

Jumamosi nikapanda gari ya shamba mpaka kwetu Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja. Mama sikumkuta nyumbani. Lilikuwa bamvua, bahari imetoka hadi mbali, na wanawake walikuwa wameinama majini kama kawaida yao. Nikavua viatu nikamfuata. Upepo wa kusi ulikuwa unavuma, ikabidi nipaze sauti.

"Mama, mwajiri wako nani?"

Wenzake wakacheka kabla yake. Yeye hakuinuka. Alimaliza kufunga kipande alichokuwa nacho mkononi, akasema: "Mwenye mizani."

Nikaandika vivyo hivyo. Mwalimu alinirudishia karatasi na mstari mwekundu chini ya jibu: "Hili si jibu. Eleza." Nadhani tangu siku ile sijafanya kazi nyingine ila kueleza.

Kwa asiyejua, mwani wa biashara uliingia pwani yetu ya mashariki mwaka 1989, mbegu zikitoka Ufilipino. Unapigilia vijiti mchangani, unafunga kamba baina ya kijiti na kijiti, na kwenye kamba unaning'iniza vipande vya mwani kwa vikamba vidogo tunavyoviita taitai. Baada ya wiki sita hivi unavuna, unaanika, unatia kwenye gunia, unapeleka kwa mnunuzi. Huko unakopelekwa hutolewa kitu cha kugandishia kinachoingia kwenye dawa ya meno na aiskrimu. Mama amelima mwani zaidi ya miaka ishirini. Aiskrimu haipendi, anasema inamtia meno ganzi.

Saa za kazi hiyo hazimo ukutani. Bamvua likija wanashuka, iwe alfajiri iwe jua la utosi. Maji mafu yakija wanakaa, kwa sababu bahari haitoki ya kutosha. Likizo ya mama inatolewa na mwezi. Lakini kamba na taitai za mwanzo zilitolewa na kampuni, na aliyekupa kamba ndiye utakayemuuzia, na bei anaitaja yeye. Mkataba hakuna, mshahara hakuna, likizo ya uzazi hakuna, hata kufukuzwa hakuna: bei ikianguka unajifukuza mwenyewe. Ule mwani wenye bei, kotonii, ulianza kufa maji ya kina kifupi yalipozidi joto. Ukabaki spinosumu, mgumu wa kufa na rahisi wa kununuliwa. Nakumbuka msimu ambao kilo kavu ilikuwa shilingi 400. Kamba nzima zikifa, hasara ilikuwa ya mama, na kampuni ilingojea tu mwani wa jirani.

Kwenye karatasi za semina mama yangu anaitwa mjasiriamali. Neno hilo nimekuwa nalitilia shaka. Mjasiriamali asiyeweza kutaja bei ya mali yake ni mjasiriamali wa namna gani?

Darasani tulifundishwa kwamba mwaka 1958 Mmarekani mmoja, John Dunlop, alieleza uhusiano wa kazi kuwa ni mpangilio wa wahusika watatu: wafanyakazi na vyama vyao, waajiri na vyama vyao, na serikali. Hao watatu ndio wanaotunga kanuni za kazi, kwa kukubaliana au kwa kuvutana. Nikachora pembe tatu kwenye daftari, nikamtafutia mama pembe yake, sikumpatia. Nikajitafutia na mimi.

Nilianza kazi ya hoteli nikiwa na miaka 23. Bibi hakusema nami siku tatu, maana mtoto wa kike kutandika vitanda vya wageni lilikuwa jambo la kuzungumzwa barazani. Baadaye aliona unga unaingia nyumbani, akarudi kusema nami kidogo kidogo. Sare yangu ilikuwa na jina la hoteli kifuani. Mshahara wangu ulitoka kwa wakala wa mjini, kwenye bahasha, yeye akiwa ameshachukua chake. Nilitia saini mkataba wa miezi mitatu ulioandikwa Kiingereza, nakala sikupewa. Miezi mitatu ilipokwisha hakuna aliyesema kitu, nikaendelea kwenda. Nilikwenda hivyo karibu miaka sita.

Kila asubuhi kabla ya kugawana vyumba meneja alitusomea kwenye simu yake mambo waliyoyaandika wageni mtandaoni. Siku moja ikasomwa kwamba taulo zina harufu, na kwamba msichana aliyeziweka, jina langu likatajwa kama lilivyo kwenye beji, alikuwa na uso wa kuchoka. Nyota tatu. Nilikatwa pesa mwezi ule. Taulo zilikuwa na harufu kwa sababu mashine ya kukaushia ilikuwa imeharibika wiki nzima, nao walijua. Uso wa kuchoka sikatai, nilikuwa nao. Mgeni mwenyewe alikuwa ameshafika kwao, na pengine hakukusudia ubaya wowote. Aliandika ile dakika tano akingojea ndege, mimi ikanila mwezi.

Katika pembe tatu za Dunlop mgeni hayumo. Wala haumo ule mtandao wa kuwekea vyumba, unaochukua kamisheni yake kwa kila chumba na unaoweza kuishusha hoteli hadi ukurasa ambao hakuna anayeufungua. Meneja wetu aliuogopa mtandao ule kuliko alivyoiogopa idara ya kazi. Sikuwahi kumwona akitetemeka kwa ajili ya mkaguzi, lakini nyota zikishuka hata chai hakunywa.

Machi 2020 ndege zikasimama. Tukaambiwa twende majumbani mpaka hali itulie. Hali ilipoanza kutulia nikarudi, nikaambiwa mlangoni: wewe si wetu, wewe wa wakala. Nikaenda mjini kwa wakala, akasema: mimi hoteli haijanilipa, na wewe ulikuwa ukifanya kazi kwao, nenda kwao. Nikaenda, nikarudi, nikaenda. Magazeti ya michezo yana msemo wao kocha akitimuliwa: kibarua kimeota nyasi. Changu kiliota nyasi, na hata ile njia ya nyuma tuliyokuwa tukiingilia wafanyakazi iliota nyasi kwelikweli.

Sitaki nionekane sikujaribu. Nilitafuta kwenye simu haki zangu ni zipi, nikapata mengi, nikaandika barua ya kurasa mbili yenye vifungu na namba zake, nikajiona wakili. Nikampelekea mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi serikalini aisome. Aliisoma yote, akavua miwani. "Binti yangu," akasema, "umeandika vizuri sana. Lakini hii ni sheria ya Bara."

Ndivyo nilivyojua kwamba kazi si jambo la Muungano. Bara wana sheria yao ya mwaka 2004 na tume yao ya usuluhishi. Sisi Zanzibar tuna Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005 na Sheria ya Uhusiano Kazini Namba 1 ya mwaka huohuo, na mahali petu pa kupeleka malalamiko. Ukiuliza simu yako swali la kazi ukiwa Paje, aghlabu itakujibu kama uko Dodoma. Nilishikwa na haya, barua nikaikunja, sikurudi tena kwa mtu yeyote. Mwaka uliofuata nikajiandikisha chuo. Wengine husoma kwa ajili ya cheo. Mimi nilisoma kwa hasira.

Maktaba ndiko nilikokutana na neno kibarua. Nilikuwa nimelitumia maisha yangu yote bila kulifungua. Ni barua, ikapunguzwa: kibarua. Katika Unguja ya karne ya 19 mtu aliyekodiwa kwa siku alipewa kikaratasi cha kuonesha kwamba kazi yake imefanyika, nacho ndicho alichodaia ujira. Kikaratasi kikampa mtu jina. Na vibarua wale wengi wao walikuwa watumwa. Bwana alimtoa mtu wake akabebe mizigo ya wafanyabiashara au akachambue sandarusi, ule utomvu mkavu wa mti, jioni ujira ukigawanywa, sehemu ya bwana na sehemu ya mtumwa. Kwa hiyo kibarua alikuwa na aliyemtumia, na alikuwa na aliyemmiliki, na hao hawakuwa mtu mmoja.

Nilikifunga kitabu nikatoka nje kidogo.

Nisieleweke vibaya. Mtumwa alikuwa mtumwa. Mimi niliweza kuacha, na wakala hakuwa na haki ya kuniuza. Mtu anayesema mambo haya ni sawasawa hajui la utumwa. Lakini umbo lile la kazi, mmoja anakutumia na mwingine anakula sehemu ya jasho lako, lina umri mkubwa kwetu kuliko hoteli ya kwanza. Tofauti moja tu ilinichekesha kwa uchungu: zamani mabwana wawili wangegombana kila mmoja akisema huyu wangu, na mimi wangu waligombana kila mmoja akisema huyu si wangu.

Wasomi wa huko nje wanauita ulimwengu mpya wa kazi, na wanashangaa kwamba siku hizi mtu hamjui mwajiri wake. Mimi nauliza: hapa alijulikana lini? Mwaka 1897 huko Uingereza, Sidney na Beatrice Webb walichapisha utafiti wao mkubwa juu ya vyama vya wafanyakazi, na wazo la majadiliano ya pamoja, wafanyakazi kupatana ujira na mwajiri kwa umoja wao, likapata mahali pa kusimama. Mwaka huohuo, mwezi wa Aprili, Sultani Hamoud bin Mohammed alitia saini hapa amri ya kuondoa hadhi ya utumwa kisheria, Waingereza wakiwa wamesimama nyuma ya kiti chake. Haikuwa kwamba watu waliamka huru. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahkamani akaombe uhuru wake, bwana akafidiwa, na aliyeachwa huru alitakiwa aoneshe pa kukaa na njia ya kujikimu. Masuria hawakuingizwa mpaka mwaka 1909. Wengi walibaki mashambani mulemule, wakilima chini ya mikarafuu ya mtu na kumpa siku zao za kazi. Nokoa na kadamu, wasimamizi wa enzi ile, walikwisha kwa jina. Kwa kazi yao, nilikuwa naye mmoja aliyesoma simu kila asubuhi.

La mwaka 1948 ndilo lililonikalisha maktaba mpaka taa zikazimwa. Skuli nilisoma historia miaka yote, sikumbuki kama nililisikia. Mwezi wa Agosti mwaka ule mahamali wa bandarini waligoma. Maisha yalikuwa yamepanda tangu vita vya dunia, ujira umekaa palepale. Mgomo ukatoka gatini ukaenea mji mzima, ukaingia Septemba, na jina la Abbas Othman likajulikana kama kiongozi wao. Wiki chache tu kabla, tarehe 9 Julai 1948, Shirika la Kazi Duniani lilikuwa limepitisha San Francisco Mkataba Namba 87, unaohusu uhuru wa wafanyakazi kujiunga pamoja. Sidhani kama hamali hata mmoja alikuwa na habari nao. Walichokuwa nacho ni meli iliyosimama bandarini na mzigo ndani, na kila siku inayosimama inamla mwenyewe pesa.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kitu ambacho pembe tatu hazikunionesha. Nitakirudia.

Yaliyofuata nitayapita upesi, kila mtu kwetu anayajua kwa upande wake na hakuna faida ya kuyaamsha hapa. Vyama vya wafanyakazi vilikua na vikagawanyika kama siasa ilivyogawanyika. Baada ya Mapinduzi ya 1964 vyama huru vilifutwa, na mambo ya wafanyakazi yakawekwa chini ya chama kilichotawala. Sheria ya kuviruhusu tena ilikuja mwaka 2001, na shirikisho lao, ZATUC, mwaka 2003. Ukihesabu, ni kizazi kizima kilichokwenda kazini na kustaafu bila kujua chama huru cha wafanyakazi kinafananaje. Ndiyo maana ukimwambia mtu mzima wa kwetu neno mgomo hutazama mlangoni kwanza.

Mwaka wa tatu nilivuka kwenda Pemba kwa utafiti wangu, upande wa Wete, wakati wa mchumo. Nilikuwa na dodoso la maswali arubaini. Sikulitumia. Asubuhi ya kwanza, kabla jua halijapanda, nilikuta wachumaji wamekaa chini ya mikarafuu, pakacha ziko pembeni, hakuna aliyepanda. Mchumaji hulipwa kwa pishi, vibaba vinne, na mwenye shamba alikuwa ametaja bei yao kwa pishi. Hakuna aliyemjibu. Mmoja alikuwa akitafuna muwa. Mwingine aliuliza habari za mtoto wa mwenye shamba, kama amepona. Kapona, alhamdulillahi. Wakaendelea kukaa. Mwenye shamba akazunguka, akatazama juu, akarudi, akaongeza kidogo. Mzee mmoja akasema, "Ongeza imani, bwana." Akaongeza imani. Wakapanda.

Nusu saa. Hakukuwa na katibu wala mwenyekiti wala muhtasari wa kikao, na yalikuwa majadiliano ya pamoja kama yalivyoandikwa kwenye vitabu vyangu. Yaliwezekana kwa sababu karafuu haingoji. Ikishafunguka ua, thamani imekwenda. Mwenye shamba alijua, wachumaji walijua, na kila upande ulijua kwamba mwenzake anajua. Ni meli ileile ya 1948, ila hii ina majani.

Basi swali langu likageuka. Nikaacha kuuliza mwajiri ni nani, nikaanza kuuliza nani anaweza kungoja.

Mimi hotelini sikuweza kungoja. Chumba changu kingetandikwa na mwengine saa ileile. Mdogo wangu hawezi kungoja. Yeye anakaa barazani na simu, anafanya kazi ya mtandaoni, anaandika majina kwenye picha, hii gari, huu mti, huyu mtu anavuka, kwa malipo ya senti za dola. Mwezi uliopita alifungiwa, sababu hakupewa. Nilimuuliza swali la mwalimu wangu: mwajiri wako nani? Akafikiri. "Akaunti," akasema. Nilimwambia kwamba Februari 2021 Mahkama ya Juu ya Uingereza iliamua madereva wa Uber, zile teksi zinazoitwa kwa simu, ni wafanyakazi na wana haki za wafanyakazi, ingawa mikataba yao ilisema wanajitegemea. Mahkama iliacha maneno ya karatasi ikatazama nani anapanga bei na nani anaweza kumzuia mwenzake asifanye kazi. Akasikiliza kwa adabu. Halafu akauliza, "Sasa mimi nende mahkama ipi, dada?" Sina jibu la kumpa, na nina shahada.

Na mama? Mwani ukiwa majini haungoji. Lakini ukishakauka vizuri na ukawekwa pakavu, unakaa miezi. Kisichongoja ni tumbo, ada ya mtoto, dawa ya bibi. Miaka yote mwenye mizani amekuwa akijua hilo. Anajua kwamba kila gunia linaloletwa kwake limeletwa na mtu ambaye jioni anataka unga.

Nilipomweleza mama mambo haya alinambia sijamfundisha kitu. Ila alichukua kimoja: daftari. Yeye na wenzake saba wakaanza kuweka akiba ndogo ndogo kila wiki, ya kukopeshana unga. Wakaazima mizani ya kuning'iniza ya muuza samaki, wakawa wanapima magunia nyumbani kabla ya kuyapeleka, na kila gunia uzito wake unaandikwa kwenye karatasi, karatasi inachomekwa mdomoni mwa gunia. Mimi ndiye niliyezikata karatasi zile. Sikumwambia mtu zinaitwaje.

Siku ya kupima nilikuwapo. Karani ni kijana wa kijiji cha pili, hana ubaya, na yeye pia analipwa na mtu asiyemjua. Akapandisha gunia la mama, akasoma: arubaini na moja. Mama akachomoa karatasi, akaitazama, akampa. Arubaini na tatu. Kijana akacheka, akaipindua upande wa pili kama kwamba atakuta maelezo.

"Hii nini, bi mkubwa?"

"Mwanangu, hebu pima tena."

Akatazama foleni. Waliokuwa nyuma ya mama walikuwa wameshatua magunia yao chini, na mmoja mmoja walikuwa wanayakalia.